Ukiulizwa utamaduni wako ni nini, kwa nini unataja nguo na ngoma?

#1 Pembe Tatu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuwapokea wafanyakazi wapya na kuwaelekeza. Wanatoka pande mbalimbali, lugha tofauti, dini tofauti. Kila kundi huwa naliomba liandike kwenye karatasi, bila majina: utamaduni wako ni nini? Majibu yanafanana mno. Mavazi, ngoma, chakula, lugha, harusi. Basi.

Halafu nawapa swali la pili: mwenzako wa kazini hufanya jambo gani linalokukera mpaka unalala nalo? Hapo hakuna anayetaja nguo wala ngoma. Wanaandika "ananikatiza ninapoongea", "hasemi hapana, anasema tutaona", "anamwita mkubwa kwa jina lake", "ananyamaza kikao kizima halafu analalamika nje", "akikosea haombi radhi, anacheka".

Hoja yangu ni kwamba orodha ya pili ndiyo utamaduni wenyewe, na ile ya kwanza ni sehemu ndogo tu inayoonekana. Lakini tukitaka kusherehekea utofauti tunasherehekea ile ya kwanza. Watu wanavaa, wanacheza, wanapiga picha, na wiki inayofuata ugomvi ni ule ule.

Sasa nauliza: kwa nini mtu wa kawaida anauelewa utamaduni hivi? Hajui, hataki kujua, au ndivyo alivyofundishwa?

#2 Njiwa 88

Siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Daftari

Mkuu, hata hao wajuzi hawajaelewana. Mwingereza Edward Tylor mwaka 1871 aliuelezea utamaduni kuwa jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo au mazoea yoyote mengine ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Ukisoma vizuri, orodha zako zote mbili zimo humo. Mwaka 1952 Wamarekani wawili, Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn, wakakusanya fasili zilizokuwa zimeandikwa mpaka wakati huo, wakapata 164. Sasa kama wenye kazi yao wana fasili 164, mtu wa kawaida akitaja ngoma ana kosa gani?

Mimi nadhani anataja kinachotajika. "Kukatiza mtu anapoongea" hakuna anayekufundisha kama somo. Unakikuta kipo.

#4 Mama Mapacha

Daftari umeanza na fasili zako. Mtu kauliza kwa nini, wewe unamhesabia.

Mimi naona hivi: mtu hauoni utamaduni wake mpaka agongane na wa mwingine. Niliolewa kwenye familia ya dini nyingine. Nguo, sherehe, vyakula, hivyo tulivimaliza mapema maana kila mtu alivitarajia. Kilichotushinda ni ugonjwa. Kwetu mgonjwa anaachwa apumzike, mnapunguza sauti, mnaingia mmoja mmoja. Kwa mume wangu mgonjwa hakai peke yake hata dakika. Chumba kinajaa, watu wanaongea, wanacheka, watoto wanapanda kitandani. Mara ya kwanza nilipougua nilitamani kuwafukuza wote. Mama mkwe alipougua, mimi nikafunga mlango ili alale, nikaambiwa nina roho ngumu.

Hakuna hata mmoja, upande wowote, aliyesema "hizi ni tamaduni mbili". Wao waliona sina huruma, mimi niliona hawana adabu. Kwa hiyo jibu langu: cha mbali tunakiita utamaduni, cha karibu kikituumiza tunasema ni tabia mbaya ya mtu.

#5 Pembe Tatu

Mama Mapacha, hapo kwenye mlango umenifungulia kichwa. Mlimalizaje?

#6 Mama Mapacha

Hatukumaliza. Alipougua tena niliacha mlango wazi, nikapunguza watu kwa kuwatuma vitu. Kila upande unaona umeshinda.

#7 Kiongozi Mstaafu

Nimefanya kazi za utawala miaka mingi, niruhusuni niseme jambo. Mleta mada anauliza kama tulifundishwa. Jibu ni ndiyo. Shule na serikali zinahitaji utamaduni unaoweza kupandishwa jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Huwezi kumwambia mgeni rasmi, "sasa tunawaletea namna watu wetu wanavyokataa jambo bila kusema hapana." Lakini ngoma ina mwanzo na mwisho, inapigwa makofi, watu wanaondoka. Mtoto akiona hivyo kuanzia darasa la kwanza, atajua utamaduni ni kitu cha jukwaani.

Dunia nzima inafanya hivyo. UNESCO walipitisha azimio lao la utofauti wa tamaduni mwaka 2001 wakatangaza na siku yake, tarehe 21 Mei. Mwaka 2003 wakaja na mkataba wa urithi usioshikika, wenye orodha. Kitu kikishaingia kwenye orodha watu wanasema huu ndio utamaduni, na kisichoorodheshwa kinasahaulika.

#8 Daftari

Mzee wangu, nasahihisha mawili kwa heshima. Azimio la UNESCO lilipitishwa Paris tarehe 2 Novemba 2001, sawa. Ila siku ya 21 Mei ilitangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Desemba 2002.

Pili, mkataba wa 2003 hauishii kwenye ngoma. Unataja maarifa kuhusu maumbile na ulimwengu, masimulizi, ufundi wa mikono, mienendo ya kijamii. Walioandika waliona mbali. Ni kweli kwamba orodha zake ndizo zinazopata magazeti, hapo sikupingi.

#9 Kiongozi Mstaafu

Asante kijana. Hoja yangu bado imesimama.

#10 Sauti ya Mwamba

Wote mnazunguka mbuyu. Jibu ni nguvu. Mwenye nguvu hana "utamaduni", ana "kawaida". Saa za ofisi, kupeana mkono, kumtazama mtu machoni wakati wa usaili, kujisifu kwenye barua ya maombi ya kazi: haya yote ni mazoea ya watu fulani wa mahali fulani, lakini yakishaingia ofisini yanaitwa weledi. Anayetazama chini kwa kumheshimu mkubwa anaandikiwa "hajiamini".

Hata sayansi imeingia mtego huo. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake wawili walinukuu hesabu inayoonyesha kwamba karibu asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika tafiti za majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Yaani vitabu viliandikwa "binadamu hufikiri hivi" wakati aliyepimwa mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha nchi tajiri. Mwanafunzi yule ndiye binadamu, sisi wengine ndio tamaduni.

Kwa hiyo Pembe Tatu, watu wako wanaandika nguo na ngoma kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee waliyoachiwa. Jaribu siku moja mfanyakazi mpya aandike: "katika utamaduni wangu mkubwa haanzi kuongea kabla hajawasikia wadogo." Uongozi wako utakubali kubadilisha kikao?

#11 Pembe Tatu

Swali zito. Kwa uaminifu, nadhani wangempa muda wa ngoma.

#12 Upepo wa Jioni

Mtanivumilia. Humu wote mnaongea kama utofauti ni jambo zuri lililoeleweka vibaya. Watu wa kawaida ninaowafahamu wanauelewa vizuri sana: utofauti ni kazi ya ziada. Ukiishi na wanaofanana nawe huelezi kila kitu. Ukiishi na wasiofanana nawe, kila neno lazima ulipime. Mtu akirudi kutoka kazini amechoka, anataka mahali ambapo haulizwi.

Na siyo maneno ya mitaani tu. Robert Putnam, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alichapisha mwaka 2007 utafiti wa watu kama 30,000 akaonyesha kwamba kwenye mitaa yenye mchanganyiko mkubwa watu wanaaminiana kidogo. Utofauti unaua uaminifu. Tukubali ukweli kwanza.

#13 Mkono wa Saba

Upepo, umeusoma nusu. Putnam alisema mambo matatu. La kwanza ni hilo lako, na kilichowashangaza wengi ni kwamba watu walipungukiwa imani hata kwa wanaofanana nao. Kila mtu alijikunyata nyumbani kwake. La pili, alisema hiyo ni hali ya muda mfupi. La tatu, kwa muda mrefu jamii zilizofanikiwa kupokea wahamiaji hujenga utambulisho mpana zaidi unaowabeba wote.

Halafu mwaka 2015 watafiti wengine walirudi kwenye takwimu zile zile wakaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti inaelezwa na hali ya uchumi, makazi yasiyo ya kudumu, na nani anaishi wapi. Mitaa yenye mchanganyiko mara nyingi ndiyo mitaa ya wasio na kitu. Mtu maskini anayehamahama hamwamini jirani, awe anafanana naye au la.

#14 Upepo wa Jioni

Nimekuelewa kuhusu 2015, nitaitafuta. Lakini huo "muda mrefu" atauishi nani? Anayeonja muda mfupi ni mtu wa sasa hivi, ana watoto wa kulea leo. Ukimwambia wajukuu wako watafaidi, unamtaka alipe deni ambalo hakukopa. Wanaohubiri utofauti mara nyingi wana uwezo wa kuhama wakichoka.

Sisemi watu wasichanganyike. Nasema uchovu wao usiitwe chuki.

#15 Mama Mapacha

Upepo, la uchovu nakuunga mkono. Nimechoka na nampenda mume wangu, yote mawili kwa pamoja.

#16 Muuguzi wa Zamu

Nimesoma toka juu. Naleta mfano wa wodini, maana pale utofauti haujadiliwi, unakuja na kitanda.

Tunamuuliza mgonjwa maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Wapo ambao hata mfupa ukivunjika hawavuki tatu. Wapo wanaosema kumi mlangoni. Alikuja mama mmoja mzee, kila daktari akipita anasema "sijambo, nashukuru". Kwake kumlalamikia mgeni ni kujidhalilisha. Binti yake alipofika jioni tukaambiwa mama hajalala siku tatu. Tulipomweleza daktari, akasema kumbe ni utamaduni wao, hawa huwa hawasemi.

Haukupita muda akaja mama mwingine wa jamii ile ile. Naye akasema hajambo. Mwenzangu akamkazania: hapana mama, sema ukweli, tunawajua. Yule mama akakasirika, maana kweli alikuwa hana maumivu. "Mnanijua mimi au mnajua kabila langu?"

Basi mimi naongeza maelezo mengine kwenye rundo lenu. Kujua utamaduni wa kundi kunaweza kukufanya usimwone mtu aliye mbele yako. Mwaka 2016 utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kwamba kama nusu ya wanafunzi wazungu wa udaktari na madaktari wanagenzi waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Na walioamini hivyo ndio waliokadiria maumivu ya mtu mweusi kuwa madogo. Hao walidhani wanazijua tofauti za watu.

#17 Mkono wa Saba

Umenena dada. Kosa hilo hilo wanafanya watu wa menejimenti na vipimo vya tamaduni vya mtafiti Mholanzi Geert Hofstede. Alichukua dodoso zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama: hii inajali ngazi za madaraka, ile inajali mtu binafsi. Kazi kubwa, lakini ni wastani wa nchi. Mwenyewe alionya usimsome mtu mmoja kwa alama ya nchi yake. Kwenye semina onyo hilo halifiki.

#18 Chongo

Daa, huyo mama wa "mnanijua mimi au mnajua kabila langu" apewe kiti kwenye uzi huu.

#19 Macho Yanasikia

Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Mimi ni kiziwi tangu utotoni. Lugha yangu ya kwanza ni lugha ya alama. Mmetaja kabila, dini, nchi. Hamjatutaja, na sishangai, kwa sababu kila mtu anatuweka kwenye fungu la hospitali.

Viziwi tuna mambo yetu. Ukitaka kuniita unanigusa bega au unazima na kuwasha taa. Kwa wanaosikia kumgusa usiyemjua ni utovu wa adabu. Tukiongea tunatazamana usoni bila kukwepa, na ukitazama pembeni ni sawa na kuziba masikio mtu akiwa anakusemesha. Sauti ya Mwamba amesema wengine wanatazama chini kwa heshima. Kwangu mtu akitazama chini mazungumzo yamekatika. Kuagana kwetu kunachukua muda mrefu sana, watu wanaaga mlangoni, wanaanza hadithi mpya, wanaaga tena. Wazazi wangu wanaosikia walikuwa wanaona nachelewesha makusudi.

Sasa hebu tazameni jambo hili. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake wengi wetu hatukurithi utamaduni huu kwa baba wala mama. Tuliupata kwa watoto wenzetu, shuleni, bwenini, usiku baada ya walimu kuondoka. Huko Nicaragua, shule za viziwi zilipofunguliwa Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliokuja na ishara za nyumbani kwao tu waliunda lugha nzima wao kwa wao. Hawakuwa na bibi wa kuwafundisha. Mnaosema utamaduni ni wa mababu, hao mababu wako wapi?

Na kuhusu nguvu: mwaka 1880 kongamano la walimu wa viziwi lilikaa Milan likapiga kura kwamba kufundisha kwa mdomo ndiyo njia bora, na alama ziondolewe madarasani. Karibu wote waliopiga kura walikuwa wanasikia. Vizazi na vizazi vilifungwa mikono. Mpaka mwaka 2010 ndipo kongamano hilo la kimataifa, likiwa Vancouver, lilipotamka kujutia. Mwaka 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi tangu 1864, walikifunga chuo kwa kama wiki nzima kwa sababu bodi ilimteua tena mkuu anayesikia. Walishinda. Akapatikana mkuu wa kwanza kiziwi baada ya zaidi ya miaka 120.

Kwa hiyo nikiulizwa na Pembe Tatu utamaduni wangu ni nini, sina ngoma ya kuandika. Ningeandika: taa ziwe na mwanga wa kutosha tuonane.

#20 Njiwa 88

Nimehama siti ya mbele, nimekaa chini kabisa. Asante.

#21 Upepo wa Jioni

Macho Yanasikia, nauliza kwa nia njema. Huo ni utamaduni au ni ulemavu? Maana kama ni ulemavu, jamii inatafuta tiba. Kama ni utamaduni, tiba inakuwa uvamizi. Haviwezi kukaa pamoja.

#22 Macho Yanasikia

Vinakaa pamoja kila siku ndani yangu. Nikienda benki na hakuna mkalimani, nina ulemavu. Nikiwa na wenzangu, hakuna ninachokosa. Kuhusu tiba, sisi wenyewe hatukubaliani. Kuna kifaa kinachopandikizwa sikioni. Baadhi yetu wanasema mtoto apewe mapema, wengine wanasema msimnyime lugha ya alama kwa tamaa ya kifaa, wengine wanataka vyote viwili. Mimi niko kundi la tatu. Rafiki yangu mkubwa yuko la pili na tunagombana.

#23 Daftari

Naongezea: ilikuwa mwaka 1960 William Stokoe, aliyefundisha hapo hapo Gallaudet, alipochapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa lugha kamili. Kabla ya hapo wasomi wengi waliziona kuwa ishara tu za mikono. Kitu kimeonekana mchana kweupe miaka yote na hakuna aliyekiita lugha.

#24 Pembe Tatu

Macho Yanasikia umenivurugia nadharia yangu, na nimefurahi. Nilidhani orodha ya pili, ile ya mambo yanayokera, ndiyo utamaduni wa ndani usioonekana. Kwako unaonekana wote, umo machoni na mikononi, na bado haukuhesabiwa. Basi kuonekana siyo hoja. Kuna anayeamua kipi kihesabiwe.

#25 Sauti ya Mwamba

Ndicho nilichosema #10.

#26 Kiongozi Mstaafu

Usijibebe mwenyewe kijana, uliongelea ofisi tu.

#27 Chongo

Nami nichangie kuhusu "mababu". Watu wanatetea kama ya kale vitu ambavyo siyo vya kale. Gauni jeupe la bibi harusi lilishika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa mwaka 1840. Kabla yake mabibi harusi wengi walivaa rangi yoyote waliyokuwa nayo. Waskoti nao, zile nguo za miraba kila ukoo na rangi zake, mpango huo ulipata nguvu karne ya 19, hasa Mfalme George IV alipotembelea Edinburgh mwaka 1822 na watu wakaambiwa waje wamevaa. Leo mwambie mtu hilo gauni ni la juzi, uone.

#28 Mama Mapacha

Chongo, gauni langu liko kabatini. Usiliguse.

#29 Chongo

Siligusi mama, nimetaja mwaka tu.

#30 Muuguzi wa Zamu

Lakini Chongo, kwani upya unaondoa nini? Watoto wa Managua lugha yao ni mpya na ni yao. Kitu kikishashika watu wakakiishi, umri wake unawahusu wanahistoria. Tatizo ni pale mtu anapotumia "ni ya kale" kumfunga mwenzake mdomo.

#31 Kalamu Fupi

Nimechelewa. Hoja yangu: tofauti hizi zote mnazikuza. Sayansi imethibitisha kwamba asilimia 85 ya tofauti za tamaduni zimo ndani ya kundi moja, siyo kati ya makundi. Richard Lewontin, 1972.

#32 Mkono wa Saba

Hapana mkuu, Lewontin alipima damu na protini, akaongelea tofauti za kijenetiki. Kweli alipata kama asilimia 85 imo ndani ya makundi. Lakini hakupima tamaduni, na namba hiyo huwezi kuihamishia kwenye adabu za vikao. Wanaoamini kwamba utamaduni uko kwenye damu ndio wanaochanganya mambo haya, na sidhani wewe ni mmoja wao.

#33 Kalamu Fupi

Sawa, namba naiondoa. Hoja inabaki: ndugu zangu wa damu tunatofautiana kuliko mimi na jirani wa dini nyingine. Mimi na jirani tuna kipato kimoja, watoto shule moja, hofu moja ya kodi ya nyumba. Mdogo wangu alipata fedha, sasa hatuelewani hata kwa salamu. Anaona kuja bila taarifa ni kumvamia. Kabila moja, mama mmoja. Ninyi mnasema utamaduni, mimi naona mfuko.

#34 Upepo wa Jioni

Mfuko nao una adabu zake, Kalamu. Mdogo wako kahamia utamaduni mwingine bila kuvuka mpaka.

#35 Kalamu Fupi

Au kapata mlango wenye kengele tu. Akifilisika utaona atakavyorudi kuja bila taarifa.

#36 Mama Mapacha

Milango imekuwa mingi kwenye uzi huu.

#37 Kiongozi Mstaafu

Turudi kwenye utekelezaji, maana maneno tumepata. Mwanasaikolojia Gordon Allport mwaka 1954 alisema kuwakutanisha watu peke yake hakutoshi. Inasaidia zaidi wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, wakitegemeana kulifikia, na wakubwa wakiunga mkono. Siku ya mavazi haina hata moja kati ya hayo manne. Mradi wa kazi unaweza kuwa nayo yote.

#38 Daftari

Sahihi, ila mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti zaidi ya 500 wakaona kukutana kunapunguza chuki hata masharti yote yasipotimia. Masharti yanaongeza nguvu. Kwa hiyo hata siku ya mavazi tusiifute kwa hasira. Aliyekuja kula amekaa meza moja na mtu.

#39 Sauti ya Mwamba

Inapunguza chuki ya nani, Daftari? Katika tafiti hizo kukutana kulikuwa na nguvu zaidi kwa walio wengi kuliko kwa walio wachache. Aliye mchache amekutana na walio wengi maisha yake yote. Anajua namna yao ya kuongea, kula na kukasirika. Hahitaji meza nyingine, anahitaji naye asomwe.

#40 Upepo wa Jioni

Hapo leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mwamba. Na yeye ndiye anayechoka zaidi.

#41 Pembe Tatu

Wakuu, nimeandika kila kitu. Nina kundi jipya linakuja. Nafikiria kubadilisha swali la kwanza. Badala ya "utamaduni wako ni nini", niulize: "ni jambo gani unalolifanya kwa nia njema ambalo watu hulielewa vibaya?" Mnaonaje?

#42 Mama Mapacha

Zuri. Mimi ningejibu: kufunga mlango.

#43 Sauti ya Mwamba

Zuri, lakini uongozi nao ujibu, na majibu yao yasomwe kwanza.

#44 Muuguzi wa Zamu

Kinyume chake. Wakisomwa kwanza, wote wataandika yanayofanana na ya wakubwa.

#45 Njiwa 88

Mimi nina swali kwa Macho Yanasikia. Kwenye timu yetu anakuja mwenzetu kiziwi na atakuwa na mkalimani. Vikao vyetu watu wanaongea kwa kupokonyana. Tufanye nini siku ya kwanza?

#46 Macho Yanasikia

Kaeni duara au nusu duara, mgongo wa mtu yeyote usielekee dirishani maana mwanga unamficha uso. Anayetaka kuongea anyooshe mkono, asubiri mwenzenu amwone, ndipo aanze. Tafsiri ya mkalimani huchelewa kidogo nyuma ya anayeongea, kwa hiyo mkipokonyana mwenzenu kiziwi hupata kikao cha jana. Ongeeni naye, msimwambie mkalimani "mwambie". Na muulizeni mwenyewe anapenda kukaa wapi, viziwi hatufanani.

#47 Kalamu Fupi

Hiyo ya kunyoosha mkono na kusubiri naichukua hata kwenye familia yetu, wote tunasikia na hakuna anayemsikia mwenzake.

#48 Sauti ya Mwamba

Muuguzi, sijaridhika na #44. Kama wakubwa hawajibu kabisa, wadogo wanajianika kwa nani?

#49 Muuguzi wa Zamu

Wajibu, lakini karatasi zote zichanganywe bila majina. Naingia zamu, nitarudi kesho tubishane.